Kura Iliyobaki Nje ya Mlango

Naitwa Mervyn Pech. Niliendesha basi la shule la Karrabin kwa miaka thelathini na moja. Karibu kila mtu mzima mjini hapa niliwahi kumfokea akae chini. Sasa nimestaafu. Mke wangu, Joyce, alifariki mwaka juzi. Tangu hapo asubuhi zangu zinafanana: nachemsha chai, nawasha redio, nawatupia kasuku wa mwituni makombo uani, halafu natafuta mtu wa kuongea naye.

Mara nyingi mtu huyo alikuwa Bronwyn Zadow, mbunge wetu katika bunge la jimbo. Bronwyn hana chama. Tulimchagua hivyo makusudi, maana tulichoka na wale wanaotukumbuka wakati wa kampeni tu. Alitupa namba yake mwenyewe akasema, "Nipigieni." Mimi sikungoja kuambiwa mara mbili.

Mwaka jana serikali ya jimbo ilitaka kufunga wodi ya wazazi katika hospitali yetu. Wajawazito wangesafiri kilomita mia na arobaini kwenda kujifungua. Tamsin, binti yake Bronwyn, alikuwa na mimba ya miezi minane. Wapinzani walileta hoja kwamba wodi ibaki wazi. Bronwyn alituahidi mbele ya watu wote kwamba ataiunga mkono.

Siku ya hoja, saa tano asubuhi, nilimpigia simu. Nilimweleza kwamba mtaro wa mbele ya nyumba yangu umeziba. Kusema kweli, mtaro haukuwa na neno. Nilitaka kusikia sauti ya mtu.

Katikati ya mazungumzo nikasikia kengele upande wake.

"Merv, samahani, hiyo ni kengele ya kura. Nitakupigia baadaye."

"Dakika moja tu, binti yangu. Sijamaliza."

Nikaanza habari za Joyce na waridi zake. Bronwyn hakunikatiza. Mwishowe nikasikia viatu vyake vikikimbia, na simu ikakatika.

Katika bunge letu, kengele ya kura hulia kwa dakika nne. Ikinyamaza, milango inafungwa. Wanaosema ndiyo huketi upande mmoja, na wanaosema hapana upande wa pili. Aliye nje yuko nje. Siku hiyo kura zilitoshana, ishirini na mbili kwa ishirini na mbili. Spika akakata shauri kwa kura yake, na hoja ikaanguka. Kura ya Bronwyn ingeipitisha. Yeye alikuwa amesimama nje, kiganja chake juu ya mlango.

Jumamosi mchana alituita ukumbini. Ilikuwepo chai na keki, lakini wachache walizigusa.

"Sikuwa mgonjwa," alianza. "Sikukwama barabarani. Nilikuwa nje naongea kwa simu, nikachelewa. Wodi inafungwa kwa sababu yangu."

"Tulikutuma ukapige kura, siyo ukapige simu!" Glenda wa duka la nyama alipaza sauti. Watu wakacheka, kicheko kibaya.

"Mbona wa vyama hawachelewi?" mtu mwingine aliuliza.

"Wao wana mnadhimu wa chama," Bronwyn alijibu. "Ndiye anayewakusanya na kuwaambia wakae upande gani. Mmoja akipata udhuru, vyama hupatana: wa upande wa pili naye anakaa nje, ili hesabu isiharibike. Mimi sina mnadhimu. Hakuna wa kunisukuma, na hakuna wa kumsingizia. Siku ile Bwana Quilty, mlinzi wa ule mlango, aliniambia: asubuhi soma orodha ya shughuli za siku, na kengele ikilia, hata kama unaongea na mama yako mzazi, kata simu."

Tamsin alikuwa ameshika tumbo. "Mama, ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mpiga kura."

"Nani?"

"Hilo haliwahusu. Miguu iliyochelewa ni yangu."

Hakutazama nilipokaa. Nilirudisha keki yangu kwenye sahani. Niliona aibu, na niliogopa sana. Watu hawa ndio pekee nilio nao duniani. Wakinichukia, nitaongea na nani? Lakini yule pale mbele alikuwa anapigwa mawe yaliyonistahili mimi, tena peke yake.

Nikasimama. "Ni mimi. Na mtaro haukuwa umeziba. Nilikuwa mpweke tu."

Watu wakageuka kunitazama. Kisha Glenda akasema, "Merv, mzee mjinga wewe. Si ungekuja dukani?"

Ndipo tukaanza kupanga. Siku za bunge, shida zetu tutazipeleka ofisini kwake hapa mjini. Yeye atapatana na wabunge wenzake wawili wasio na vyama washtuane kengele ikilia. Na kila Ijumaa atabandika karatasi kwenye mlango wa posta: kura ipi, alikaa upande gani, kwa nini. Akikosa kupiga kura, aandike pia sababu.

"Kwa hiyo utapiga kura tunavyotaka?" Glenda aliuliza.

"Hapana. Nitawasikiliza kabla, na nitajieleza baada. Mkiona siwafai, uchaguzi upo."

Tamsin alijifungulia mbali, na kwa wiki kadhaa hakuongea na mama yake. Wodi ilirudi mezani wakati wa bajeti. Bronwyn alikuwa kitini kabla kengele haijaanza kulia. Tulishinda kwa kura moja. Sasa watoto wa Karrabin wanazaliwa Karrabin.

Ijumaa iliyopita simu yangu ililia.

"Merv, bunge limeahirishwa. Nina saa nzima."

"Nimesoma karatasi yako. Umekataa kushusha ada ya magari?"

"Nimekataa. Pesa hiyo ndiyo inayotengeneza barabara zetu."

"Nani mwingine alikaa upande wako?"

"Hakuna. Nilikaa peke yangu. Viti vyote vitupu, na upande wa pili wote wananitazama."

Nilitazama kiti cha Joyce. Viti vitupu navijua.

"Umekosea, binti yangu," nikasema.

"Haya, niambie nimekosea wapi."

Nikavuta kiti, nikamwambia.