Chupa ya Maji ya Betri

Kila asubuhi saa kumi na mbili, watoto wa kundi la Nyota ya Ziwa walijipanga mistari mbele ya bendera yao, kwenye mchanga wa ziwa, mwendo wa nusu saa kutoka Kilibula, mtaa wa Uvira. Walipiga kambi hapo siku nane za likizo. Kiongozi wao, Shefu Marcellin, alikuwa kijana wa filimbi shingoni na amri mdomoni, tena alipenda sana kusikika.

Umeme wa kambi ulitoka kwenye kisanduku cha mbao alichokitengeneza Keza, msichana wa miaka kumi na mitatu kutoka Bwegera. Ndani alikuwa ameweka betri ya gari iliyokwisha kutumika, na juu ya hema akafunga bamba dogo la sola. Kisanduku kiliwasha taa, kilichaji simu na kiliendesha spika. Wazazi wa Keza walikuwa wakulima wa mpunga, hawakuwa na uwezo wa kumlipia mafunzo. Lakini Shefu alikuwa ametangaza mbele ya wote: kisanduku kikiendesha spika mpaka mwisho wa sherehe ya wazazi Jumapili, Keza ataingia bure atelie ya parokia, karakana inayofundisha ufundi wa umeme. Nafasi ilikuwa moja tu, na Keza aliitaka kuliko chakula.

Betri ya aina ile hupungukiwa na maji, na huongezwa maji safi ya betri yanayouzwa kwenye chupa. Jumatano, Keza alifungua vifuniko na kuona maji yameshuka. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kupika, Shefu alimtuma Déborah, mtoto wa Kilibula, kwa Mama Capitoline, fundi anayechaji na kutengeneza betri mtaani kwao.

"Hii maji iko ya betri tu, mwanangu," Mama Capitoline alimwambia. "Kifuniko usikiguse."

Déborah hakukigusa. Aliirusha chupa juu na kuidaka, akairusha tena. Mara ya nne ilimponyoka, ikagonga jiwe, kifuniko kikaruka na maji yote yakaishia vumbini. Kurudi Kilibula kwa jua lile? Ziwa lilikuwa pale pale. Sisi watu wa Uvira maji ya ziwa tunayapikia, tunayafulia, na wengi wetu tunayanywa. Basi Déborah alijiambia kwamba maji yote ni yale yale, akachota, akakaza kifuniko.

Keza aliipokea chupa kwa mikono miwili. "Aksanti, Déborah. Umeniokoa."

Alimimina taratibu, chupa ikabaki na maji kidogo. Kufikia Ijumaa taa zilikuwa zimefifia. Keza alikagua kila waya, halafu akamwendea mwenzake kwa upole. "Déborah, ile maji ilitoka kweli kwa Mama Capitoline?"

"Unaniona mwongo?" Déborah alifoka. "Kama haujui kazi, sema haujui!"

Keza aliomba radhi. Ndiyo, aliyedanganywa ndiye aliyeomba radhi.

Jumapili wazazi walikuja na mikeka na vyungu vyao, na Mama Capitoline akaja pamoja na wale wa Kilibula. Mzee Nyandwi, baba yake Keza, alikuwa ametoka Bwegera alfajiri, amevaa koti lake la misa. Shefu alishika kipaza sauti, akaanza kuwakaribisha wageni. Kabla hajamaliza jina la kambi, spika ilikoroma na kunyamaza. Wageni waliangua kicheko.

Shefu Marcellin aliona haya, na haya ile aliigeuza hasira. Hakuuliza lolote. "Fundi wa uongo! Toa betri yako, uweke kichwani, uzunguke bendera mara tatu!"

Keza alitii. Watoto walipiga makofi wakiimba, "Fundi wa giza! Fundi wa giza!" Sauti ya Déborah ilizishinda zote. Aliogopa kwamba akinyamaza watamtazama. Mzee Nyandwi aliinamisha macho na kuanza kuhesabu vifungo vya koti lake.

Katika mzunguko wa pili Keza alijikwaa. Betri iliinama, kifuniko kimoja kikaachia, na maji makali ya ndani yakamtiririkia shingoni. Alipiga yowe. Wenzake walidhani anajifanya, wakacheka zaidi.

"Hiyo ni asidi!" Mama Capitoline aliruka kutoka kwenye mkeka wake. Aliisukuma betri chini, akamkokota Keza mpaka ziwani na kummwagia maji shingoni, tena na tena, kwa muda mrefu, huku mtoto akilia na kumwita mama yake. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alipomrudisha, ngozi ya shingo ilikuwa imekuwa nyekundu kama nyama mbichi. Mama Capitoline, aliyetaka kujua kilichoiua betri, aliomba ile chupa. Alimimina mabaki kidogo kwenye kijiko, akakishika juu ya makaa ya mbabula, jiko la kambi, mpaka maji yakakauka. Kijiko kilibaki na utando mweupe.

"Maji ya betri haiachi kitu," alisema. "Hii ni ile nyeupe tunaona mu birika zetu. Ni maji ya ziwa, na chumvi yake ndiyo imeua betri."

Shefu alimgeukia Keza. "Kwa hiyo weye ulichota ziwani?"

"Minye nilitia ile niliyoletewa," Keza alijibu kwa kunong'ona.

Déborah alitazama ile shingo. "Ni minye," alisema. "Nilimwaga ya betri. Nikaogopa kurudi."

Mama Capitoline alimtuma mwanawe akalete betri nzima kutoka dukani. Waliifunga kwenye kisanduku cha Keza, na papo hapo spika ikaita. Kazi ya Keza haikuwa na kasoro hata moja. Shefu alichukua kipaza sauti, akawaomba msamaha Keza na Mzee Nyandwi mbele ya wazazi wote, na akatangaza kwamba nafasi ya atelie ni ya Keza.

"Shefu, weye ulitoa adhabu mbele ya kuuliza," Mama Capitoline alisema. "Na weye, Déborah, ungerudi kwangu, ningekugombeza kidogo na kukujazia ingine. Muntu anayesema ukweli mapema analipa mwenyewe, na analipa kidogo. Uongo wako ulikuwa wa chupa moja tu. Mwenzako ameubeba kichwani mbele ya baba yake, na alama ataibeba mpaka uzee."

Déborah alipiga magoti kwenye mchanga. "Unisamehe, Keza."

Keza alimtazama, kitambaa chenye maji kikiwa shingoni.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini maji ya betri nitakuwa naenda kuchukua mwenyewe."