Bubu Alipoanza Kuimba

Jua lilikuwa linazama Bubu alipofika kwenye geti la shangazi yake. Alibeba mfuko wenye sabuni mbili za kufulia, majani ya chai na redio ndogo ya kuchomeka flashi. Ndani ya flashi mlikuwa na nyimbo tisa. Alikuwa amekuja kumsikilizisha shangazi albamu yake kabla watu hawajaisikia. Ndivyo alivyojiambia njia nzima. Ukweli ni kwamba alikuwa na miezi minne hajakanyaga hapo, na simu za binti wa shangazi alikuwa akizitazama zikiita mpaka zinakatika zenyewe.

Jina la Bubu alipewa ujanani. Miaka ishirini na sita alipuliza saksafoni kwenye bendi za hoteli na za harusi, na hakuna aliyewahi kumsikia akiimba hata kiitikio. Wenzake wakimsukumia maiki, anairudisha haraka kama mtu aliyepewa kushika mtoto mchanga asiyemjua. Kumbe akiwa bafuni alijaribu. Alijisikia akikwaruza kama mlango wa bati, akafungua bomba ili maji yamfiche.

Ndipo likamjia wazo la kutoa albamu ya nyimbo za asili, nyimbo alizokua nazo. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano, akalelewa na shangazi, dada mkubwa wa baba yake, aliyekuwa dobi wa hospitali. Mwanamke huyo alikuwa hakamui shuka bila wimbo. Nyimbo nyingine alizipata kwa mama yake, nyingine alizitunga mwenyewe pale kwenye mabeseni, vidole vimechubuka kwa sabuni.

Basi Bubu alimfuata jikoni na kinasa sauti. Hiyo ndiyo siku ya miezi minne iliyopita. Shangazi alikuwa na kikohozi, lakini aliimba. Wimbo wa kwanza, wa pili, mpaka wa nane. Aliponyoosha mkono achukue kikombe cha maji, Bubu aliangalia saa.

"Mmoja tu, Shangazi. Wa mwisho."

"Kifua kinabana, mwanangu. Si uimbe wewe nikusikilize? Nyimbo zote unazijua."

"Mimi? Kwa sauti gani?" Bubu alicheka. "Nipe sauti yako, Shangazi. Vingine nitajazia mwenyewe."

Shangazi naye alicheka. Akampapasa shavu kwa kiganja kinachonukia mafuta ya kuchua.

"Ichukue, baba. Mimi nimeitumia vya kutosha."

Ulikuwa utani tu. Akaimba ule wa mwisho. Bubu akazima mashine na kuondoka, na kikombe cha maji kikabaki mezani kimejaa.

Wiki iliyofuata alikuwa studio, chumba kidogo kisicho na dirisha, magodoro yamegongomewa ukutani. Fundi sauti alimwambia aimbe mistari miwili mitatu ya kuongozea ala tu, mwimbaji wa kweli atatafutwa baadaye. Bubu akafumba macho. Akafungua mdomo.

Sauti ikatoka.

Nzito, tulivu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa kila mstari. Fundi sauti alivua hedifoni sikio moja, akainamia kioo kumwangalia vizuri.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Acha masihara. Miaka yote hii ulikuwa umeificha wapi?"

"Nilikuwa najifua nyumbani, kimyakimya."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Bubu aliijua sauti ile kabla mstari haujaisha. Na mle ndani, kwenye chumba kisichopitisha hewa, palikuwa pameanza kunukia mafuta ya kuchua... Angeweza kusimama hapohapo. Angeweza kuchukua simu na kuuliza, "Shangazi, hujambo?" Badala yake alisema, "Turudie. Naweza kuifanya vizuri zaidi."

Uongo wa pili aliusema siku ya kutengeneza jalada.

"Tuandike nyimbo ni za nani?" fundi sauti aliuliza.

"Za asili hizo. Hazina mwenyewe."

Akiongea, sauti ilikuwa yake ileile ya siku zote. Akiimba tu ndipo ilipobadilika. Na simu za binti wa shangazi zilikuwa zimeanza tangu wiki ile ya kwanza ya studio.

Sasa binti huyo, mwalimu wa chekechea, alifungua geti. Alimtazama Bubu kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Kaka. Leo umepotea njia?"

"Kazi, dada. Kazi tu. Shangazi hajambo?"

"Mama haongei."

"Amekununia?"

"Haongei na mtu yeyote. Tangu siku ile uliyokuja na kimashine chako. Ulipotoka tu aliniita, nikasikia nusu ya jina langu, likakatikia hapo. Daktari anasema huenda ni kiharusi kidogo kimegusa koo. Huenda. Nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu."

Hapo napo palikuwa na nafasi ya kusema kweli.

"Pole, dada. Mtandao kwetu unasumbua sana."

Chumbani taa ilikuwa haijawashwa. Shangazi alilala chali, amepungua, shuka limemfunika hadi kifuani. Macho yake peke yake ndiyo yaliyokuwa makubwa kama zamani.

"Shikamoo, Shangazi."

Midomo ilisema marahaba. Hakikusikika kitu. Hata pumzi haikusikika.

Binti alichukua mfuko, akaona redio. "Ndizo nyimbo hizi? Mwekee asikie, labda atachangamka."

"Tuache apumzike. Nitakuja siku nyingine."

"Siku gani? Baada ya miezi minne mingine?" Akachomeka flashi mwenyewe, akabonyeza.

Saksafoni ilianza, polepole. Kisha ikaja sauti.

Binti alijishika kifua. Machozi yakamjaa, na tabasamu juu yake. "Mama! Ni wewe! Kumbe umemweka Mama kwenye albamu, kaka? Na mimi nilivyokusema vibaya! Nisamehe. Watu wote sasa watamjua Mama."

Bubu alitazama chini. Ndani ya mfuko uleule mlikuwa na jalada la albamu. Binti akalitoa, akalisogeza dirishani kwenye mwanga uliobaki, akasoma taratibu kama anavyowasomea watoto wake darasani. Akasoma tena.

"Mbona hapa wameandika mwimbaji ni wewe?"

Bubu alinyoosha mkono alichukue.

Kitandani, midomo ya shangazi ilikuwa inaimba. Neno kwa neno, pamoja na redio. Hapana... si pamoja. Ilikuwa inatangulia kidogo. Midomo inatamka, ndipo sauti inafuata.

Binti alizima redio.

Midomo haikusimama.

Na sauti haikusimama.

Bubu alihisi koo lake likitikisika. Taya likafunguka lenyewe, kama droo inayovutwa na mtu mwingine. Wimbo ulikuwa unatoka kinywani mwake. Alijaribu kuuma meno. Hayakuumana. Harufu ya mafuta ya kuchua ilimjaa puani mpaka macho yakamwasha. Kisha wimbo ukakatika, midomo ya shangazi ikabadilika, na kinywa cha Bubu kikaongea.

"Mwanangu, funga dirisha. Siku tatu napigwa na baridi hapa, nashindwa kukwambia."

Binti alirudi nyuma mpaka akagonga kabati. Alimtazama mama yake. Akamtazama kaka yake. Halafu akafunga dirisha.

Macho ya shangazi yakamgeukia Bubu.

"Na wewe, baba." Kusikia mdomo wako mwenyewe ukikuita kama aitwavyo mtoto si jambo la kumwombea mtu. "Uliomba nikakupa. Nilidhani nakuazima kipande. Wewe ulibeba yote."

Bubu alipiga magoti. Alitaka kulia, lakini hata kilio kilikuwa hakipiti.

"Sina hasira. Nataka kumwita mwanangu kwa jina lake kabla sijaondoka. Basi. Sema unairudisha."

Midomo ya mgonjwa ikafumba. Koo la Bubu likaachiwa. Bomba la nje lilisikika likidondosha tone... tone... tone.

Onyesho la kuzindua albamu lilikuwa Jumamosi, alasiri. Tiketi zote zilikuwa zimeshauzwa. Ndicho alichokiwaza Bubu akiwa amepiga magoti, mkono wa aliyemlea uko shubiri moja kutoka kwenye uso wake. Jumamosi tu ipite. Nitarudisha Jumapili.

"Nakurudishia, Shangazi," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, ile ya bati.

Wakangoja. Shangazi alifungua mdomo kumwita binti yake. Hakikutoka kitu. Akafunga. Akafungua tena.

Akamtazama Bubu kwa muda mrefu, na taya la Bubu likavutwa mara ya mwisho.

"Mdomo umesema," sauti ilinong'ona. "Moyo haukusema."

Bubu alitoka bila kuaga. Binti hakumsindikiza. Barabarani alikutana na watu wanaotoka kazini wakicheka, akapita pembeni, ameinamisha kichwa, kana kwamba wameona.

Jumamosi aliimba kuliko alivyowahi kuimba. Wimbo mmoja ambao shangazi aliutunga kwenye mabeseni ndio uliofunga onyesho. Katikati ya wimbo huo sauti ilimjaa ghafla, ikapanda, ikawa pana mpaka watu wa viti vya nyuma wakasimama. Walimpigia makofi mpaka mikono ikauma. Bubu aliteremka jukwaani akakuta ujumbe wa binti kwenye simu: Mama amefariki sasa hivi. Mdomo wazi.

Alifungua kinywa amwambie fundi sauti aliyekuja kumkumbatia. Kilichotoka kilikuwa sauti ya shangazi, ikiongea. Ya kwake haikuwepo tena hata kwa kusalimia.

Mazikoni alisimama nyuma kabisa, leso mdomoni. Madobi waliofanya kazi na marehemu walianzisha wimbo wake. Mama mmoja mzee alimsogelea. "Imba, mwanangu. Tumesikia redioni unaimba kama yeye." Bubu alitikisa kichwa. Yule mama akadhani ni majonzi, akampapasa mgongo, akamsifu kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa shangazi yake. Bubu angependelea kupigwa kofi.

Alifanya alichoweza. Alimwandikia fundi sauti kila kitu kwenye karatasi, akataka jalada lichapishwe upya: nyimbo za shangazi, sauti ya shangazi. Fundi alisoma, akakuna kichwa, hakusema ameamini wala hakucheka. Jalada likachapishwa. Watu wakalisoma wakasema, tazama mtu alivyo mnyenyekevu, ameipa heshima yote familia yake. Nyimbo zikapigwa saluni, zikapigwa kwenye maduka ya nguo. Kila zilipopigwa Bubu alivuka barabara. Wiki tatu hakutamka neno. Dukani alinyoosha kidole. Jina lake likawa jina lake kweli.

Halafu, jioni moja, simu ikaita. Binti wa shangazi. Safari hii alipokea. Akaiweka sikioni, kimya.

"Najua upo," binti alisema. Alikuwa amelia, ila sasa sauti yake ilikuwa kavu. "Sitaki uniombe msamaha. Usiniambie chochote chako. Niite tu."

Bubu akajilazimisha. "Dada..."

"Siyo hivyo."

Taya likavutika. Hakutegemea, aliyelivuta alidhani ameshazikwa. Jina lililotoka lilikuwa la siri ya mama na binti; Bubu hakuwahi kumsikia akiitwa hivyo.

"Kifaranga," kinywa chake kilisema. "Kifaranga changu. Umekula?"

Upande wa pili mwanamke wa miaka arobaini akajibu kwa kisauti cha mtoto mdogo.

"Nimekula, Mama."

Kesho yake binti alipiga tena, saa ileile, jua likizama. Na keshokutwa. Waliongea mambo ya nyumbani: dawa ya mende, mtoto wa jirani, dirisha lisilofunga vizuri. Bubu alikaa kitandani akishikilia simu, anasikiliza kinywa chake kikiongea. Alikuwa hana ruhusa hata ya kukohoa.

Jioni moja binti alisita, akanong'ona. "Mama... kaka yupo hapo? Anatusikia?"

Nipo, Bubu alitaka kusema. Nipo, dada, nisamehe. Alisukuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo kifuani.

"Hayupo, mwanangu," kinywa kilijibu, taratibu. "Alishatoka. Tuko wawili tu."