Majike Sita Waliozeeka

— Ochola, nani ametoa uzee kwa hesabu yangu?

Hakuinua hata macho. Tulikuwa ofisini Moi Avenue, ghorofa ya sita, na bodi ya hifadhi ilikuwa inatungoja chumba cha pili.

— Awuor, asubuhi yote hii unaanza?

— Nijibu! Jana hatari ya kundi kuisha ilikuwa asilimia sabini na moja. Leo tisa. Hao vifaru wamezaana usiku?

Hiyo programu niliijenga mimi. Kompyuta inawapeleka wale vifaru kumi na wanne miaka hamsini mbele, mara elfu moja, halafu inahesabu ni mara ngapi wanaisha wote. Majike ni tisa, na sita wamezeeka, hawashiki mimba tena. Ripoti ikisema hivyo, wataletewa majike wachanga. Ikificha, wataisha hivi hivi tukiangalia.

— Bosi anataka habari njema, akasema. Nikimpa, umeneja ni wangu. Ni wetu, babe. Si Jumamosi nakuja kwenu Waithaka kuleta posa?

— Kwa hivyo umeandika vikongwe wanazaa?

— Jike ni jike. Anazaa mpaka siku ya kufa.

Nikavuta laptop yake nirudishe hesabu yangu. WhatsApp ilikuwa wazi. Mamake alikuwa ameuliza kama safari ya Jumamosi iko. Naye akajibu:

"Zii, Mum, haiko. Awuor ako 39, ameshazeeka, hatazaa. Wacha amalize hii ripoti kwanza, ndio nimwambie."

Miaka minne! Nilimpenda huyu mtu, Mungu anajua.

— Awuor, hiyo si vile unafikiria...

— Nyamaza kabisa!

Nikabeba laptop mpaka kwa bodi. Mzee Kanubhai, mwenyekiti, akavua miwani.

— Kuna shida, binti?

— Iko, Mzee. Ochola ana hesabu mbili za uzee. Kwa ripoti yenu, kifaru mzee anazaa mpaka kufa. Kwa meseji aliyomtumia mamake, mimi wa thelathini na tisa nimekwisha. Achague moja hapa mbele yenu.

Ochola, aliyenifuata mbio, akanyoosha mkono achukue laptop yake.

— Rudisha uzee, tuone namba ya kweli, Mzee akaniambia.

Nikarudisha. Sabini na moja. Kabla ya lunch bodi ilikuwa imekubali majike wachanga wanne.

Nilimtumia mama meseji nikiwa kwa ngazi:

"Mum, Jumamosi hakuna wageni."

"Na sufuria nimeshakodi?"

"Pika tu. Tutakula wenyewe."