Utelezi Ndani ya Mtungi

Kila asubuhi Sabdio alipokea maziwa ya ngamia kutoka malishoni Gotu. Yalikuja kwa pikipiki, ndani ya mitungi ya plastiki. Aliyekamua ni ndugu yake mdogo, Abdub. Sabdio aliyapeleka kwenye kituo cha kukusanya maziwa mjini Isiolo.

Wiki moja yalirudishwa mara tatu. Yalikuwa yamechacha.

Sabdio alimpigia Abdub simu.

"Unakamua na mikono michafu."

"Naosha, dada."

"Basi ngamia ni mgonjwa."

Abdub alikata simu.

Siku ya nne, Velma, mpimaji wa maziwa pale kituoni, alimwita kando.

"Sabdio, mtungi mmoja mbaya unaharibu tangi zima. Yakichacha tena, kituo kitakataa maziwa yako. Mitungi unaosha namna gani?"

"Na maji baridi. Halafu naweka klorini. Juzi niliongeza mara mbili."

Velma alichukua mtungi mmoja mkuukuu, akaupasua kwa kisu.

"Pitisha kidole hapa."

Kidole cha Sabdio kiliteleza. Ndani kulikuwa na utando mwembamba wa manjano. Alikipangusa kidole kwenye leso, akatazama chini. Mtungi ule aliuosha mwenyewe jana.

"Hao ni bakteria," Velma alisema. "Ni wadogo sana, mmoja mmoja humwoni. Hawana mdomo, lakini wanapashana habari. Kila mmoja anatoa kemikali kidogo. Kemikali ikiwa nyingi, wanajua wako wengi. Wakipata shida, kama njaa au dawa, habari inapita kwa njia hiyo hiyo. Basi wanabadilika pamoja. Wanatengeneza utelezi huu na kujificha ndani yake."

"Na klorini?"

"Inaua wa juu. Wa chini haiwafikii vizuri. Ukitia maziwa, wanapata chakula, wanaongezeka tena."

"Kumbe nilikuwa napoteza dawa."

"Utelezi lazima utoke kwanza. Sugua na brashi, maji moto na sabuni. Suuza. Kisha mimina maji yanayochemka. Kipindue chombo juani mpaka kikauke. Lakini mtungi huu mkono hauingii. Tafuta mikebe ya aluminiamu yenye mdomo mpana."

Sabdio alinunua mikebe miwili. Aliisugua, akaianika, akaituma Gotu. Kisha alimpigia Abdub. Simu iliita kwa muda mrefu kabla hajashika.

"Ngamia hana kosa," Sabdio alisema. "Wala mikono yako. Mtungi ndio uliokuwa mchafu, na mimi ndiye niliyekuwa nauosha. Nisamehe."



"Yule ngamia mkubwa nilitaka kumpeleka sokoni kesho," Abdub alisema. "Nilifikiri ndiye anayeharibu maziwa."

"Usimuuze."

"Sawa, dada. Atabaki."

Huu ni mwezi wa pili tangu siku hiyo, na maziwa ya Sabdio hayajarudishwa hata mara moja. Velma hufungua mkebe, hunusa, hupima, kisha huyamimina kwenye tangi pamoja na ya wengine.