Aliyeachwa Barabarani

Magari yalianza kupunguza mwendo pale Kawangware 46, Nairobi, kabla tuta hata moja halijajengwa. Mwaka mzima wa 1996 kamati ya wakazi ilikuwa imeandamana kudai matuta na kuzungushwa maofisini, na madereva waliendelea kupita mbio huku watu wakizikwa. Sasa lori lenye mzigo lilikaribia kibanda cha Nelima, likanywea, likapita taratibu kana kwamba linampisha mtu, kisha likakaza mwendo tena. Hakukuwa na mtu wa kupishwa.

Nelima, aliyeuza chapati kando ya lami hiyo, peke yake hakufurahi. Alijua anayepishwa ni nani.

Mumewe Wepukhulu, fundi seremala, aligongwa na gari akafa hapo hapo mwezi uliotangulia, akiwa na ovaroli yake ya kazi. Katika ukoo wao kule Bungoma, aliyefia njiani haachwi njiani. Mwili huzikwa, lakini mwenyewe lazima afuatwe: mjane huvunja tawi, hulilaza pale mumewe alipoangukia, humwita kwa jina, kisha hulikokota hadi mlangoni bila kugeuka nyuma. Nelima alikuwa tayari. Ni Nashon, mwenyekiti wa kamati, aliyemvuta kando.

"Mama Annet, ngoja kidogo," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mwache Fundi pale mpaka tujengewe bumps. Si alikuwa mwanakamati? Wacha atusaidie."

Wote wawili walikuwa watu wa kanisa, na wote wawili walijua wanachokifanya. Nelima akakubali, Mungu amsamehe.

Na marehemu alifanya kazi. Utingo mmoja, akinunua chapati, alimnong'onezea Nelima, "Mathe, hapo kuna jini, haki ya nani. Jamaa wa ovaroli anasimama katikati ya barabara. Dere wetu anaogopa hii njia." Watoto wakawa wanavuka kwenda shule bila kushikwa mkono. Kamati ikapongezana.

Kisha harufu ya vanishi ikaingia kibandani, mchana kweupe, nzito kuliko harufu ya mafuta yaliyokuwa yakichemka. Annet, binti yake wa darasa la pili, akaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Nelima alipomfuata alimkuta ukingoni mwa lami, akitabasamu.

"Unaongea na nani?"

"Baba. Anasema amechoka kusimama peke yake."

Nelima alimkataza, lakini kesho yake mtoto alikuwa ameshakanyaga lami, na keshokutwa alikuwa karibu na mstari wa katikati, mkono ameuinua kama aliyeshikwa na mtu mrefu, na mama alipomrukia na kumvuta alihisi upande wa pili nao unavuta, bila hasira, kwa upole uleule wa Wepukhulu alipokuwa hai.

Akaenda moja kwa moja kwa Nashon.

"Namtoa leo."

"Ukimtoa, magari yatarudi vile yalikuwa. Na watoto wa wengine?"

"Na wangu?"

Mke wa Nashon, Magdaline, aliyekuwa akiparua samaki mlangoni, ndiye aliyejibu. "Enda umchukue, nyar mama, dada yangu. Huyu hana haki ya kukuzuia."

Jioni hiyo Nelima alilaza tawi kwenye lami, akaita jina, akaanza kulikokota, na tawi lililokuwa jepesi likawa zito, na nyuma yake akasikia akala za tairi za mumewe zikiburura vumbi, zikisimama aliposimama, zikiongeza hatua alipoongeza, na vanishi ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na shingo yake yote ikatamani kugeuka amwone mara moja tu, lakini hakugeuka, mpaka mlangoni.

"Ingia, Baba Annet," akasema. Harufu ikakatika. Usiku ule mtoto alilala bila kuweweseka.

Magari yakarudia mbio zake. Wiki haikuisha Magdaline akagongwa pale pale, karai la samaki bado kichwani.

Baada ya mazishi Nelima alimpelekea Nashon tawi. Nashon hakulipokea.

"Magari yanapunguza tena," alisema. "Watoto wanavuka salama. Umeona?"

Nelima alikuwa ameona. Tena alikuwa amesikia harufu ya samaki wa kukaanga mahali ambapo hakuna aliyekaanga.

"Nashon, atakuita."

"Ameshaniita." Alisema hivyo bila hofu, na hilo ndilo lililomtisha Nelima zaidi.

Matuta hayakujengwa. Kila jioni Nashon alitoa kigoda chake, akaketi akiitazama barabara, akizungumza polepole kwa Kijaluo, na kila jioni kigoda kilisogea mbele kidogo. Majirani walimrudisha nyumbani, naye akatoka tena.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, Nelima alimwona ameketi, miguu yote miwili juu ya lami. Alimwita. Lori lilikuwa linateremka kwa kasi. Dereva akachelewa kumwona Magdaline katikati ya barabara, akamkwepa, akapinda upande wa Nashon.