Mashine ya Unga Uani kwa Oketcho

Oketcho hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na duka sokoni, wala lori la kuvusha mahindi mpakani Malaba. Mashine ya kusaga alikuwa nayo, lakini hakuwa na mahali pa kuiweka. Kibali pia hakuwa nacho, kwa sababu hakujua kwamba kinatakiwa.

Aliishi Tororo mjini na mkewe, Abbo, katika mtaa wa makazi. Akaamua kuifunga mashine uani.

"Umeuliza majirani?" alisema Abbo.

"Nitawauliza leo."

Jioni akatoa chungu cha pombe ya wimbi. Majirani wakakizunguka, kila mtu na mrija wake. Walipokuwa wanavuta, Oketcho akawaeleza habari ya mashine.

"Saga, ndugu yangu," alisema Okanya, jirani wa ukuta mmoja. "Mke wako atanenepa mpaka mlango umshinde!"

Watu wakacheka. Hakuna aliyekataa. Kwetu, nani atamkatalia mtu huku anakunywa kwenye chungu chake?

Mashine ikaanza kunguruma kila alfajiri. Vumbi la unga likavuka ukuta, likaingia chumbani kwa Okanya. Okanya alikuwa na pumu. Alikohoa, akafunga madirisha, akakohoa tena. Hakulalamika. Oketcho alimsikia, lakini akajiambia, "Alikunywa, basi alikubali."

Mwishowe Okanya akafunga nyumba yake, akahamia kijiji cha Petta, kwa binti yake.

"Hata kuniaga hakuniaga," alinung'unika Oketcho.

"Akuage vipi?" alijibu Abbo. "Na kelele hiyo, ungemsikia?"

Baadaye akaja Joanita, ofisa wa mipango ya mji. Alisimama uani, unga ukamtua kwenye nywele.

"Mzee, kibali kiko wapi?"

"Majirani walikubali, mama. Tulikunywa pamoja."

"Nami hamkunialika!" Joanita alicheka. Kisha akaeleza taratibu. "Mji una mpango wake. Hapa ni pa makazi, pale ni pa biashara, kule ni pa mashine na viwanda. Si kila kazi inakatazwa nyumbani. Anayeshona nguo au kusuka nywele mara nyingi anaruhusiwa. Lakini kazi yenye kelele, moshi, vumbi au hatari haikai kati ya vitanda vya watu. Njoo ofisini uulize kabla hujafunga hata bolti moja. Na majirani pia uwaulize, lakini bila pombe."

"Kwa nini bila pombe?"

"Ili anayetaka kukataa aweze."

Oketcho aliinamisha kichwa.

Aliomba kibali, akaonyeshwa eneo la mashine karibu na soko. Akahamia huko. Wateja wakaongezeka, maana magari ya mahindi yalifika mpaka mlangoni. Nyumbani, nguo za Abbo zilikauka bila vumbi. Lakini ng'ambo ya ukuta palikuwa kimya, na kimya hicho kilimuuma Oketcho kuliko kikohozi.

Akaketi, akaandika:

"Okanya ndugu yangu, nilikuuliza mahali ambapo hukuweza kunikatalia. Kisha nikakusikia unakohoa, nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu kubwa. Mashine nimeiondoa. Ukitaka kurudi, nyumba yako ina hewa safi. Usipotaka, nitakuelewa."

Abbo aliisoma barua, akamrudishia. "Atarudi?"

"Sijui."

Oketcho aliikunja barua, akaitia ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi. Kisha akampa mwendesha boda aliyekuwa anakwenda Petta.

"Mpe mwenyewe," alisema, "mkononi mwake."