Tunda Lililozikwa kwa Jina la Calvince

Wakati wa magharibi, stima zilipopotea mjini Usenge, kando ya ziwa, Winny alitumwa mishumaa. Akirudi, alilipita kaburi la kaka yake uani mbio mbio, ingawa kaka mwenyewe, Calvince, alikuwa sebuleni akipiga kelele, "Winny, harakisha bana!"

Ndiyo, kaburi lake, na yeye mzima. Ngoja nikueleze. Mwaka jana mtumbwi wake ulizama, maiti isionekane, nao wazee wakafuata mila: badala ya mwili, walitia tunda refu la yago, yaani mwegea, ndani ya sanduku, wakaliita Calvince, wakalizika kwa vilio. Haukupita muda, mwenyewe huyoo mlangoni, kakonda. Kumbe maji yalimtupa kisiwani! Tangu hapo mama alikataa kula naye meza moja. Majirani walinong'ona: jachien, mzuka. Winny aliumia sana, maana hakuwa na mwingine aliyempenda kama kaka yake.

Sebuleni, Shakir, rafiki yao wa Kisumu, ndiye aliyeendesha mchezo wao wa hadithi na dadu, ambamo kila mmoja alikuwa na mhusika wake. Jioni hiyo mchawi wa Winny alikuwa amepata uchawi wa kufukuza.

"Ni hivi," Shakir alisema. "Ukifukuza mtu wa dunia hii, anapotea kidogo tu. Ukiacha kumfikiria, anarudi. Lakini asiye wa hapa anaenda kwao. Na dakika ikiisha bado unamfikiria, harudi ng'o."

Calvince akacheka. "Nifukuze mimi basi. Mama aone kama mimi si wa hapa."

Winny akarusha dadu lenye pande ishirini. Ishirini, namba ya juu kabisa.

"Nakufukuza, Calvince."

Mshumaa ukalala... ukainuka.

Calvince hakuwepo.

Juu ya kiti chake palikuwa na tunda la yago, limeoza, likinuka udongo mbichi.

"Acha kumfikiria!" Shakir alinong'ona. "Winny, acha!"

Ataachaje, jamani? Alifumba macho. Akahesabu mbuzi wa jirani. Akaimba wimbo wa kanisa. Kila neno lilikuwa Calvince. Dakika ikaisha.

Ndipo uani... ko. Ko. Ko.

Chini ya ardhi.

"Winny... huku ni giza."

Alichomoka na jembe. Mama akamshika mkono pale kaburini. "Usifukue! Wangu tulimzika!"

"Mlizika tunda, Mama! Mkaliita kwa jina lake... mkamjengea nyumba huku chini!"

Walivutana hadi Winny akajinasua, akafukua. Sanduku lilipofunguka, kugonga kulikuwa kumekoma. Ndani alilala Calvince, kucha zimevunjika, mwili ungali na joto. Mama alimgusa shavu, akaanguka akilia. Mara hii alimlilia mwenyewe.

Lile tunda liko kitini mpaka leo. Shakir alijaribu kulitupa, mama akamfukuza na mwiko. Kila jioni hulipakulia ugali na omena, na kula nalo meza moja.

Asubuhi, sahani zote mbili huwa tupu.